Enamu ni Klasi Iliyofungwa Mlango: Mhadhara kwa Watunga Programu wa Simiyu



Swali nililopewa ni la watu wa programu, na mtu wa kawaida akilisikia anaweza kudhani ni ugomvi wa wasio na kazi. Je, katika lugha ya programu, enamu ihesabiwe kuwa klasi? Nitalieleza kwanza ili asiyeandika programu asibaki nje. Enamu ni aina ya data ambayo mwandishi ameorodhesha thamani zake zote kwa majina, kisha akaifunga orodha. Siku za wiki ni saba, hakuna ya nane. Klasi ni kiolezo ambacho programu inakitumia kutengeneza vitu: mkulima, gunia, stakabadhi. Kila kitu kinabeba sifa zake na vitendo vyake, na kwa kiolezo kimoja unaweza kutengeneza wakulima kumi au laki moja. Enamu inasema, hawa ndio wote. Klasi inasema, tengeneza mwingine. Ndiyo maana wako wanaoapa kwamba vitu hivi viwili haviwezi kukaa nyumba moja.

Jibu langu nalitoa sasa hivi, ili mwenye haraka awahi gari la Lamadi. Ndiyo, ihesabiwe klasi, ila klasi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuizalisha tena baada ya orodha kufungwa. Sababu yangu haihusu uzuri wa sintaksia. Ni kwamba orodha inayostahili kuwa enamu ni ile ambayo kila thamani yake ina tabia yake, na tabia huishi katika klasi. Orodha isiyo na tabia, orodha ya majina matupu, mara nyingi haikustahili kuwa enamu tangu mwanzo. Mkoa huu tuliomo ndio ushahidi wangu mkubwa, na nitaufikia.

Tuanze na mizani. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mkulima analeta pamba yake kituoni kwa AMCOS, chama chake cha ushirika. Pamba ina madaraja mawili: daraja A, yaani pamba safi, na daraja B, tunayoiita fifi. Karani anapima, anaandika jina, daraja, kilo na fedha. Sasa mchukue kijana aliyepewa kazi ya kulihamishia daftari hilo kwenye simu. Anaandika kwa C, au kwa lugha nyingine lakini kwa mazoea ya C: A ni 1, B ni 2. Kitendo chake cha kutoa stakabadhi kinapokea namba mbili, ya kwanza daraja, ya pili kilo. Siku moja, katika kona fulani ya msimbo, anazipanga kinyume. Kompaila, yaani programu inayoukagua na kuutafsiri msimbo, haisemi neno, kwa sababu kwake namba ni namba. Mkulima aliyeleta kilo 48 za pamba safi anaandikiwa daraja la 48, kilo 1. Kosa kubwa kama hilo angalau litaonekana pale pale. Baya zaidi ni lile la mkulima aliyeleta kilo 2 za mwisho wa shamba, za daraja A: anaandikiwa kilo 1 ya fifi, na hakuna anayeshtuka.

Dawa ya kosa hilo ni ya zamani kuliko wengi wenu. Niklaus Wirth, Mswisi aliyefariki tarehe 1 Januari 2024, alitoa lugha ya Pascal mwaka 1970, na ndani yake mwandishi aliweza kutangaza aina mpya kwa kuorodhesha majina yake tu. Ukitangaza aina ya Daraja yenye Safi na Fifi, basi Daraja si namba tena, na ukijaribu kuiweka mahali pa kilo kompaila inakukatalia. C ilipopata enamu, na hata ilipowekewa kiwango rasmi mwaka 1989, iliacha majina hayo yabaki namba kamili zilizovaa nguo. Kwa mtu anayeandika programu ya kuendesha kifaa, ambaye anahitaji kujua kila biti imekaa wapi, hilo si kosa. Kwa mtu wa stakabadhi za pamba ni mtego.

Hatua ya kwanza ya enamu, basi, ilikuwa kuacha kuwa namba. Hatua ya pili ndiyo inayoleta ugomvi wa leo.

Lugha ya Java ilipotoka mwaka 1996 haikuwa na enamu kabisa. Watu waliandika namba zisizobadilika na kuzipa majina ya herufi kubwa, wakarudi kwenye mtego ule ule wa C. Mwaka 2001 mtunga programu Joshua Bloch alichapisha kitabu chake Effective Java, na humo akaeleza njia ya kuukwepa: andika klasi ya kawaida, kifiche kiunda chake ili mtu wa nje asiweze kutengeneza kitu kipya, kisha ndani ya klasi yenyewe tengeneza vitu unavyovitaka, viwili au saba, uvitangaze hadharani. Hapo klasi ya kawaida ilifungiwa mlango mbele ya macho ya watu wengi. Java 5, iliyotoka Septemba 2004, iliichukua njia hiyo ikaifanya sehemu ya lugha. Tangu hapo enamu ya Java ni klasi kweli. Inaweza kuwa na sifa, vitendo na kiunda, inaweza kutimiza mikataba, yaani interface, na kila thamani yake ni kitu kimoja tu kinachoundwa klasi inapoanzishwa, basi. Huwezi kuomba kingine kipya, na huwezi kuirithi enamu kutoka nje.

Lugha nyingine zilifuata kila moja kwa njia yake, na sitawachosha nazo. Ninataja mbili kwa sababu zinachekesha. C++ ya mwaka 2011 ilileta enamu mpya inayoandikwa kwa maneno mawili, enum class, na pamoja na jina hilo si klasi hata kidogo: haina vitendo, ni namba iliyofungiwa vizuri zaidi. Kotlin inaandika maneno hayo hayo mawili, kwa mpangilio huo huo, na kwake ni klasi kamili. Mwanafunzi anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine asiamini kibandiko. Afungue gunia aone.

Wapinzani wanasema nini? Wa kwanza ni wale wa kasi na nafasi. Wanadai namba inaenea katika kumbukumbu ndogo na inasafiri vizuri kwenye mtandao, wakati kitu cha klasi ni mzigo. Zamani hoja hii ilikuwa na uzito. Leo Java ina seti maalumu ya enamu ambayo, kama thamani hazizidi 64, inazihifadhi zote katika namba moja ya biti 64, biti moja kwa kila thamani. Mikoa yote 31 ya Tanzania ingeenea humo na nafasi ikabaki. Kuhusu kusafiri: ni kweli kwamba mkulima mwenye simu ya kubonyeza anachagua 1 au 2 kwenye menyu. Lakini namba hiyo ni ya mpakani. Igeuze iwe Daraja mara tu inapoingia, na uigeuze tena inapotoka. Ndani ya nyumba isitembee.

Wapinzani wa pili ni wa falsafa. Wanasema klasi ni ahadi ya kuzaa na kurithiwa, na kitu kisichozaa wala kurithiwa kikiitwa klasi tutakuwa tumelichakaza jina. Hawa nawaheshimu zaidi, na Java yenyewe inawapa ushahidi kidogo. Katika Java unaweza kuipa thamani moja ya enamu mwili wake wa pekee, kwa mfano Fifi iwe na kitendo kinachofanya kazi tofauti na cha Safi. Ukifanya hivyo, nyuma ya pazia Fifi inakuwa kitu cha klasi ndogo isiyo na jina, iliyorithi klasi ya Daraja. Ukimuuliza Fifi klasi yake ni ipi, hatajibu Daraja. Ilibidi wabunifu waweke kitendo kingine cha kuuliza klasi iliyomtangaza. Kwa hiyo enamu iliyosemekana hairithiwi inarithiwa, ila na watoto wake wa ndani tu. Huo ni ukakasi, sikatai. Bado kwangu si sababu ya kuinyima enamu vitendo. Java yenyewe iliongeza klasi zilizofungwa katika toleo la 17, Septemba 2021, ambapo mwandishi wa klasi yoyote anataja waziwazi nani anaruhusiwa kuirithi. Kufunga mlango ni haki ya klasi yoyote, na ahadi ya kurithiwa si sharti la klasi.

Sasa tabia. Nimesema enamu inastahili kuwa klasi kwa sababu thamani zake zina tabia, na nina mfano ambao kila mtu humu ndani anaujua bila kuwahi kuandika mstari mmoja wa msimbo: ngeli za Kiswahili.

Tuseme unaandika programu ya kukagua sarufi. Nomino utaziweka wapi? Katika hifadhidata, bila shaka, maana nomino zinaingia lugha kila siku. Kompyuta imeingia, bodaboda imeingia, na kesho litaingia lingine. Lakini ngeli haziingii. Neno jipya likija linatafutiwa ngeli iliyopo, haliji na ngeli yake mgongoni. Na ngeli si jina tupu. Ngeli ya 7 inajua kwamba kiambishi chake kwenye kitenzi ni ki-, kwamba kionyeshi chake ni hiki, na kwamba wingi wake ni ngeli ya 8, ambayo nayo inajua vi- na hivi. Ngeli ya 1 inaagiza a- kwenye kitenzi hata kama nomino inaanza na m-. Ukiyaandika haya kwa mtindo wa namba, utakuwa na rundo la masharti yaliyotapakaa programu nzima: kama ngeli ni 7 fanya hivi, kama ni 9 fanya vile, na masharti hayo hayo yatarudiwa kwenye vitenzi, kwenye vivumishi, kwenye vionyeshi. Siku ukigundua kosa katika ngeli ya 11, utalisaka kwenye kurasa arobaini. Ukiiandika ngeli kama enamu iliyo klasi, kila ngeli inabeba viambishi vyake mwenyewe na kitendo chake cha kutaja wingi wake, na kosa lina nyumba moja tu.

Kuna mtego mdogo hapo kwa wanaotumia Java, nautaja kwa sababu utawakamata. Huwezi kuikabidhi Ngeli ya 7 wingi wake kupitia kiunda, kwa kuwa wakati wa kuiunda ya 7, ya 8 haijazaliwa bado, na kompaila itakataa. Wingi uutoe kwa kitendo kinachoitwa baadaye, wote wakiwa wamekwisha kuwepo.

Angalieni pia namba za ngeli. Shuleni tunasema A-WA na KI-VI, lakini wanaisimu wanatumia namba zilizoanza na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof, kwa ajili ya lugha zote za Kibantu. Katika hesabu hiyo, ngeli za 12 na 13, za ka- na tu-, hazimo katika orodha ya kawaida ya Kiswahili sanifu. Kisukuma kinazo. Je, wanaisimu wa Kiswahili waliziba pengo kwa kuzisogeza namba, ngeli ya 15 ya ku- ikawa ya 13? Hapana. Waliliacha pengo kama lilivyo, ili ngeli ya 15 ya Kiswahili na ya Kisukuma ziendelee kuwa kitu kimoja. Namba ikishatolewa haihamishwi. Hilo walilijua kabla ya kompyuta, na watunga programu wengi hawalijui hadi leo.

Ndipo tunapofika kwenye mkoa.

Hadi mwanzoni mwa 2012 Tanzania ilikuwa na mikoa 26, na hapa Bariadi palikuwa Mkoa wa Shinyanga. Machi 2012 ilianzishwa mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mchukue mtunga programu aliyeandika mikoa 26 kama enamu ya Java kwa mpangilio wa alfabeti, Arusha hadi Tanga. Anahifadhi data kwa njia ya kawaida ya Java ya kuunganisha klasi na hifadhidata, ile inayoitwa JPA. Katika JPA chaguo-msingi la kuhifadhi enamu ni nafasi yake katika orodha, kuanzia sifuri, wala si jina lake. Arusha ni 0, Dar es Salaam 1, Dodoma 2, Iringa 3, na kuendelea: Mwanza 18, Shinyanga 22, Tanga 25. Hifadhidata haina neno Shinyanga popote, ina 22 tu.

Mikoa minne inatangazwa. Kijana wetu ni nadhifu, anapenda alfabeti, anaingiza kila mkoa mahali pake: Geita baada ya Dodoma, Katavi baada ya Kaskazini Unguja, Njombe baada ya Mwanza, Simiyu baada ya Shinyanga. Kompaila inaridhika, majaribio yanapita, mfumo unawashwa. Sasa tuhesabu pamoja. Namba 3 iliyokuwa Iringa sasa ni Geita. Namba 18 iliyokuwa Mwanza sasa ni Morogoro. Namba 22 iliyokuwa Shinyanga sasa ni Pwani, na ya 25, Tanga, sasa ndiyo Shinyanga. Mikoa mitatu tu imesalimika kati ya 26, Arusha, Dar es Salaam na Dodoma, kwa sababu imetangulia jina la Geita. Mkulima wa pamba wa Maswa ameamkia Pwani bila kupanda basi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Wenye orodha za kimataifa walikuwa waangalifu zaidi. Kiwango cha ISO 3166-2 kiliipanga mikoa yetu kwa alfabeti, Arusha 01 hadi Tanga 25. Manyara ilipotengwa na Arusha mwaka 2002 haikuingizwa katikati, ilipewa 26. Ile minne ya 2012 ikapewa 27 hadi 30, na Simiyu ndiyo 30. Songwe ya mwaka 2016 ikapewa 31. Ukiitazama orodha hiyo leo, mkia wake unavunja alfabeti, na uvunjaji huo ndio ulinzi wake. Huku nyumbani, katika orodha za sensa, Simiyu ni 24. Mkoa mmoja, namba mbili, na zote ni sahihi katika nyumba zao. Ndiyo maana nasisitiza kwamba namba si mkoa.

Mtasema basi dawa ni rahisi: hifadhi jina badala ya nafasi. Ni kweli, na fanyeni hivyo leo hii. Lakini hiyo ni nusu ya dawa. Mkoa wetu haukuongezwa tu kwenye orodha. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Itilima ilitoka ubavuni mwa Bariadi. Mtoto aliyezaliwa Nyashimo, huko Busega, mwaka 2010 alizaliwa Mkoa wa Mwanza, na mdogo wake aliyezaliwa kitanda hicho hicho mwaka 2013 alizaliwa Simiyu. Enamu haina mahali pa kuweka habari hiyo. Haina tarehe ya kuanza wala ya kukoma, haijui nani alikuwa mzazi wa nani mwaka gani. Jedwali la hifadhidata lenye safu moja kwa kila mkoa, moja kwa kila wilaya, na tarehe za uhusiano wao, linaiweka bila shida.

Jiulizeni zaidi: mkoa una tabia gani katika msimbo? Je, kuna hesabu inayofanyika Simiyu isiyofanyika Mara? Katika mifumo mingi hakuna. Mkoa una jina, makao makuu, wilaya. Hizo ni data. Kipimo changu ni hiki: ukiongeza thamani moja kwenye orodha, je, kuna kanuni yoyote katika msimbo itakayohitaji kuandikwa? Kama ipo, orodha hiyo ni enamu, na enamu hiyo iwe klasi ili kanuni iwe na pa kukaa. Kama hakuna, kama orodha inarefuka tu, ipeleke kwenye jedwali.

Daraja la pamba linapita kipimo hicho. Likiwekwa daraja la tatu, kanuni za kutenganisha mizigo, za ghala na za stakabadhi zitabadilika, na hapo kufungwa kwa enamu kunageuka msaada. Tangu Java 14 ya Machi 2020, ukichagua jibu kwa kila daraja ndani ya usemi mmoja, kompaila inadai uzitaje thamani zote, usipoweka jibu la jumla. Ongeza daraja la tatu, na kila mahali ulipolisahau patapiga kelele kabla mkulima hajafika kituoni. Jedwali haliwezi kukufanyia hivyo.

Lakini bei haipiti. Na hapa nitasimama kidogo, maana ndilo kosa la kawaida la mtu aliyegundua jana kwamba enamu ni klasi. Anafurahi, anaipa Daraja sifa ya bei, Safi na bei yake, Fifi na yake. Bei dira ya pamba inatangazwa upya kila msimu, na sokoni inaweza kupanda juu ya hapo. Bei si tabia ya daraja, ni habari ya daraja katika msimu fulani. Java inaruhusu sifa inayobadilika ndani ya enamu, na kwa kuwa Safi ni kitu kimoja tu katika programu nzima, anayeibadilisha bei yake anaibadilisha kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Ukichapisha upya stakabadhi ya msimu uliopita, inatoka na bei ya msimu huu. Hapo lugha ya PHP imeishinda Java kwa busara, nami si shabiki wa PHP. Ilipopata enamu katika toleo la 8.1, Novemba 2021, ilizifanya kuwa vitu, zenye vitendo na zenye kutimiza mikataba, lakini ikazikatalia kubeba sifa. Wengi wenu mnaotengeneza tovuti za shule na vyama mnaandika kwa PHP. Kizuizi hicho kiko upande wenu. Daraja liwe na kitendo cha kuuliza bei, na kitendo hicho kipewe msimu, kikatafute kwenye jedwali.

Nirudi kwa Wirth, kwa kuwa aliyeleta enamu ndiye pia aliyeifuta. Mwaka 1988 alipoeleza lugha yake ya Oberon aliiondoa kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba orodha iliyofungwa haiwezi kupanuliwa na moduli nyingine, na katika mifumo inayokua hicho ni kikwazo. Kuhusu orodha zinazokua alikuwa sahihi, na angeweza kutumia mikoa ya Tanzania kama mfano. Lakini alitoa dawa kali kuliko ugonjwa. Ngeli hazikui. Kwa orodha kama hizo, kutopanuka ndiko tunakokutaka.

Kama mnataka kuona mambo haya mawili yakikaa pamoja katika programu moja inayofanya kazi, na inayofanya kazi hapa hapa, tazameni DHIS2. Ni mfumo ulioendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, umeandikwa kwa Java, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na ndio unaopokea takwimu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya, kutoka vituo vyetu. Ndani yake zahanati, wilaya na mkoa havikuandikwa kwenye msimbo. Ni safu za hifadhidata, kila moja ikimtaja mzazi wake. Wilaya ikihamia mkoa mwingine, msimamizi wa mfumo anabadilisha mzazi wake bila kumwita mtunga programu. Nchi yoyote inaweza kujipangia ngazi zake. Lakini aina za majibu zinazoruhusiwa kwenye fomu, yaani maandishi, namba, namba kamili chanya, asilimia, tarehe, ndiyo-au-hapana na kadhalika, zimeandikwa kama enamu ya Java, na enamu hiyo ni klasi iliyokamilika. Kila aina inajua ni klasi gani ya Java inayolingana nayo, na ina vitendo vya kujibu kama yenyewe ni ya namba au ni ya tarehe. Muuguzi wa Meatu akiandika herufi mahali pa idadi ya watoto waliochanjwa, aina ya jibu ndiyo inayoanzisha kukataliwa kwa herufi hizo. Aina mpya ya jibu ikiongezwa, lazima mtu aandike kanuni ya kuikagua. Mkoa mpya ukiongezwa, hakuna anayeandika chochote.

Wabunifu wa mfumo huo hawakukaa kuulizana kama enamu ni klasi. Waliipa enamu vitendo pale ilipokuwa na kazi ya kufanya, na mikoa wakaiachia watu wa utawala. Nami nasema lugha inayowanyima watu njia hiyo, kama C# ambayo hadi leo enamu zake ni namba zisizo na vitendo vyake zenyewe, inawalazimisha kutapanya kanuni nje ya mahali pake. Inaendeka, watu wanazoea, lakini ni pungufu.

Kwa ninyi mnaotengeneza mifumo ya AMCOS na ya halmashauri, nina ombi. Jioni hii fungueni msimbo wenu, tafuteni kila enamu iliyomo. Ile inayohifadhiwa kwa nafasi, ibadilisheni ihifadhiwe kwa jina au kwa alama mliyoitaja wenyewe, na muihamishe data iliyopo kabla ya kugusa mpangilio wa orodha. Kila enamu ambayo thamani mpya haitahitaji kanuni mpya katika msimbo, iandalieni jedwali. Zitakazobaki zitakuwa chache. Hizo zipeni vitendo vyake, na masharti yaliyotapakaa yafuteni. Fanyeni hivyo sasa, vituo vikiwa vimefungwa. Msimu ukishaanza na foleni ikiwa mbele ya mizani, hakuna karani atakayewapa nafasi ya kurekebisha.